Zenzi wa Matumbo na Meli ya Anga

Kefule! Wacha niliseme neno hilo mwanzoni kabisa, maana habari hii siwezi kuisimulia bila kutema mate. Watu wanapenda kuisifu ile meli ya anga iliyovuka bahari kwenda Amerika, jinsi ilivyong'aa, jinsi ilivyopita juu ya ziwa letu huku matajiri wakinywa mvinyo ndani yake. Vyaelea vimeundwa, jamani. Na nitawaambia vimeundwa kwa nini: kwa matumbo ya ng'ombe. Chini ya lile ganda la kitambaa kulikuwa na mifuko ya gesi mirefu kwenda juu kama kanisa, na ili gesi isivuje, mifuko ilibandikwa ndani ule utando mwembamba unaofunika utumbo mpana wa ng'ombe. Ng'ombe mmoja hutoa kipande kisichotosha hata kufunika meza ya kulia. Hesabu mwenyewe wamekwenda ng'ombe wangapi. Mimi nasikia kichefuchefu.

Mmoja wa wanawake waliokuwa wakiumenya utando huo ni Kreszentia Amann. Hapa mjini Friedrichshafen hakuna aliyemwita Kreszentia ila padri. Wengine walimwita Zenzi, na wenye midomo michafu walimwita Zenzi wa Matumbo.

Ukumbi wa matumbo ulikuwa nyuma ya kiwanda, upande ambao upepo hupeleka harufu mbali na ofisi za wakubwa. Wakubwa hawakuwa wajinga. Mapipa yalikuja kwa treni kutoka machinjio ya mbali, matumbo yamelazwa kwenye chumvi, na ukifungua pipa harufu haiishii puani, inaingia mdomoni mpaka unaitafuna. Kuna mavi yaliyosalia kwenye mikunjo. Kuna mafuta yaliyogeuka manjano. Wakati wa joto kuna na funza. Zenzi na wenzake walikaa kwenye meza ndefu zenye maji, aproni za mpira zimefika vifundoni, kila mmoja na kisu chake butu. Kazi ni kumenya utando wa nje bila kuuchana, kukwangua mafuta, kuosha, kuosha tena, halafu kuulaza ukiwa bado mbichi juu ya kitambaa cha pamba na kuupapasa kwa vidole mpaka viputo vyote vya hewa vitoke. Utumbo wenyewe, ule mnene uliobaki, unatupwa ndooni. Ukumbini utando ndio mali, na kilichobaki ni taka.

Wiki ya kwanza Zenzi alitapika kila siku. Alikuwa msichana bado, baba yake amekufa, mama yake mgonjwa, na kazi nyingine hakuna. Baadaye hakutapika tena. Alikuja kugundua siku moja kwamba anakula mkate wake wa mchana huku mkono mwingine umeshika utumbo, wala hajali, na siku hiyo alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Aliuweka mkate chini. Alikuwa na miaka thelathini na kitu wakati huo, na nusu ya maisha yake ilikuwa imepita kwenye ute.

Jirani yake mezani alikuwa Ottilie Knapp, mwanamke mnene mwenye mdomo usiojua likizo.

"Zenzi, shoga yangu, hebu mtazame huyu," alisema asubuhi moja akiinua utando mwangani. "Ng'ombe wa watu, alikuwa anajilia majani yake huko kwao, hajui hili wala lile. Sasa anakwenda Amerika! Mimi hata Stuttgart sijafika."

"Nenda naye basi. Nikubandike hapo katikati."

"Gundi haitatosha, mwenzangu. Mimi peke yangu ni mfuko mzima."

Wakacheka, na kucheka kwenyewe kulitaka uangalifu, maana ukifungua mdomo sana unaimeza ile hewa.

Nyumbani Zenzi alijisugua kwa siki. Alijisugua kwa kahawa iliyokwisha kuchujwa, kwa majivu, kwa maganda ya limau alipoyapata. Wapi! Harufu ilikuwa kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye godoro. Kanisani akiingia kwenye benchi, watu walisogea kidogo kidogo kama wanaompisha malaika. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akitoa leso yake yenye manukato kila Zenzi alipopiga magoti, halafu siku ya meli kujaribiwa angani bibi yuleyule alisimama ufukweni akilia machozi na kupiga kelele, "Fahari yetu! Fahari yetu!" Fahari yenu nini? Mnalipenda tumbo, mnamkataa anayeliosha. Ptu!

Halafu kulikuwa na jambo la soseji. Kwetu sisi watu wa ziwa hili, mtu asiyekula soseji ni wa kuombewa. Tuna soseji ya damu, soseji ya maini, soseji ya kuchemsha, soseji ya kukausha moshini, na wakati wa vita serikali ilipochukua matumbo yote kwa ajili ya meli za anga za jeshi na kukataza watu kusindika soseji, wapo wazee waliosema bora wangechukua wajukuu. Zenzi yeye hakuweza. Tangu wiki ile ya kwanza, akiona uma ukitoboa ngozi ya soseji na mafuta yakichuruzika, anaisukuma sahani mbali. Alikuwa akiijua ile ngozi. Alijua ilikotoka na kilichopita ndani yake.

Basi fikiria mshangao wa mji iliposikika kwamba aliyemposa Zenzi ni mwenye bucha.

Gebhard Rauch alikuwa mgane wa makamo, mwenye shingo nene na sauti ya upole, bucha lake liko mtaa wa juu, na anaishi na mama yake, Philippine. Alimfuata Zenzi nje ya kanisa Jumapili moja, akampa mkono bila leso wala kukunja pua.

"Mikono yako laini sana, Zenzi," alisema.

Kweli ilikuwa laini. Mafuta ya ng'ombe na glisirini ya ukumbini viliifanya laini kuliko ya mabibi wa mjini. Gebhard aliigeuza, akaitazama viganja, akaminya kidole kimoja kimoja. Na Zenzi, maskini ya Mungu, ambaye hakuna mwanamume aliyewahi kumshika mkono zaidi ya nukta moja, aliyeyuka.

"Harufu yangu huisikii?" alimuuliza.

"Mimi mchinjaji. Nisikie harufu gani?"

"Nimechoka na ukumbi, Gebhard. Nakwambia ukweli. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

"Basi achana nao. Ukiolewa na mimi, huo ukumbi utausahau. Mke wa Rauch hakai kiwandani na kundi la wanawake."

Maneno hayo Zenzi alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo. Alijiona amesimama nyuma ya kaunta, aproni nyeupe, anapima nyama kwenye mizani, anawauliza wateja hali za watoto wao. Nyama haikumtisha, nyama ni nyama tu. Kilichomtisha ni matumbo, na matumbo, alijiambia, yako uani na yana wenyewe. Hilo ndilo alilolitaka duniani: asiguse utumbo tena mpaka siku ya kufa. Hata mapenzi aliyahesabu nyuma ya hilo, na sidhani kama kuna wa kumlaumu.

Ila palikuwa na kikwazo. Kwetu uchumba wa wenye bucha hutangazwa kwenye karamu ya kuchinja. Bibi harusi mtarajiwa huketi kando ya mama mkwe, soseji ya kwanza ikitoka sufuriani anawekewa yeye kwenye ubao, na anaila mbele ya watu wote. Akiimaliza, wanagonga meza kwa ngumi, basi, amekuwa wao. Zenzi hajaonja soseji karibu nusu ya umri wake.

"Funga macho, umeze kama dawa," Ottilie alimshauri.

"Nikitapika?"

"Ukitapika sema ni furaha. Lakini shoga, una hakika? Unakimbia matumbo ya ng'ombe unakwenda kulala na mwenye nguruwe?"

"Yeye kaniambia nitasahau ukumbi."

"Kakwambia utasahau ukumbi," Ottilie alirudia polepole, akaendelea kukwangua.

Zenzi akajipanga. Soseji moja tu, halafu maisha yaliyobaki ni safi. Jumamosi angemuaga msimamizi wa ukumbi, maana aliyeolewa haruhusiwi kubaki. Alikuwa ameshaahidiwa kununuliwa aproni nyeupe ya kaunta.

Karamu iliwekwa siku ileile meli mpya ilipokuwa inaondoka na abiria wake kuvuka bahari, mwezi wa kumi, mwaka wa ishirini na nane. Gebhard hakuwa mpumbavu. Mji ulikuwa umefurika wageni, waandishi wa magazeti, watu wenye kamera shingoni, na wote wakitoka kuaga meli wangetaka kula. Alichinja nguruwe wawili na ng'ombe mmoja kabla jua halijachomoza.

Zenzi alifika asubuhi na mapema amevaa gauni lake la kanisani, ameoga kwa siki mpaka ngozi inawasha.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisalimu mlangoni.

"Milele amina," alijibu Mama Philippine, mwanamke mdogo aliyepinda mgongo, macho yamefifia na vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi. Alimtazama gauni, akachukua aproni ya mpira kwenye msumari, akamtupia. "Vua hayo mapambo, mwanangu. Ndoo ziko uani."

"Ndoo gani, Mama?"

"Ndoo gani! Matumbo, mwanangu, matumbo. Wewe si ndiye fundi?"

Zenzi alimgeukia Gebhard, aliyekuwa akikata nyama na mikono yake myekundu mpaka viwikoni.

"Ni leo tu," alisema Gebhard bila kuinua kichwa. "Watu ni wengi leo. Nisaidie, mpenzi."

Leo tu. Mwanamke akitaka kuamini, jiwe analiona mkate. Zenzi akavaa aproni juu ya gauni la kanisani, akatoka uani.

Matumbo yalikuwa bado ya moto. Ya ukumbini yalikuja baridi, yameuawa na chumvi, lakini haya yalikuwa yanatoa mvuke, yanateleza mkononi, na uchafu ndani yake ulikuwa wa jana yake. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya nguruwe, akayageuza na kuyaosha huku amebana pumzi. Ndoo ya pili ilikuwa mifuko iliyokatwa kutoka utumbo mpana wa ng'ombe, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya soseji kubwa za damu, fahari ya bucha la Rauch. Alipoigusa, mikono iliijua. Na papo hapo angani ukaanza mngurumo wa injini. Meli ilikuwa imetoka bandani. Watu wote mtaani walikimbia, kengele zikapigwa, uvuli mrefu ukapita juu ya ua, juu ya ndoo, juu yake yeye. Zenzi hakutazama. Alikuwa amefumba nafsi yake kama alivyozoea mezani, akili anaipeleka kwingine, mikono anaiachia kazi.

Na mikono ilifanya kazi inayoijua. Ilimenya utando wa nje wa kila mfuko, mzima, bila tundu hata la sindano. Ilikwangua kwa kisu mpaka mafuta na nyuzi zote zikaisha. Ilizilaza tando kwenye ubao wa kukatia nyama, moja ikipanda ukingo wa mwenzake, ikazipapasa mpaka hakuna kiputo. Mifuko yenyewe, iliyochunwa mpaka ikabaki laini kama kamasi, haina nguvu ya kubeba kitu, ilitupwa ndooni.

Mama Philippine alitoka, akachukua ile ndoo. Kwa macho yake yale, na mvuke ule, angeona nini? Aliijaza mifuko damu na mafuta na vitunguu, akaifunga kwa uzi, akaitumbukiza kwenye sufuria kubwa.

Wageni walirudi wamechangamka, nyuso nyekundu kwa baridi, wote wanazungumza kwa pamoja. Ottilie alikuwemo. Wakaketi kwenye meza ndefu, bia ikamiminwa, kabichi iliyochachuliwa ikaletwa inafuka moshi. Zenzi aliketi mahali pa bibi harusi, na chini ya meza ngumi zake zilikuwa zimekunjwa, anajiambia, soseji moja, moja tu.

Sauti ya kwanza ilikuwa "pfuu", sauti ya mtu mzima aliyejisahau. Wakacheka. Ikaja ya pili. Ya tatu. Gebhard alikimbilia sufuria, akafunua kifuniko. Soseji zote kubwa zilikuwa zimepasuka. Damu ilikuwa inachemka na kuganda mabonge mabonge, mafuta yanaelea, na vile vifuko vimejikunja vinazunguka kwenye lile rojo jeusi. Harufu ilijaa chumba. Mwandishi mmoja wa gazeti alitoka nje mbio, mkono mdomoni.

Mama Philippine alikwenda uani. Alirudi na ule ubao, juu yake utando umetandazwa, mwembamba, unang'aa, hauna dosari.

"Hii ni nini?" aliuliza.

Zenzi aliutazama ule ubao. "Ni... Mama, nimefanya kama ukumbini. Sikujua kama ninafanya."

Ottilie, ambaye hawezi kunyamaza hata kwenye mazishi, akasema, "Si mbaya. Ijazeni gesi, itafika Amerika kabla ya ile."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko ndicho kilichomwasha mama wa watu. Akamgeukia mwanawe, ubao bado mkononi.

"Ndiye huyu? Huyu ndiye uliyeniapia ana mikono ya dhahabu? 'Mama, mfukuze Wendelin, wa nini kumlipa mtu wa kuosha matumbo, nitaoa fundi kabisa wa matumbo, atafanya bure.' Nimemfukuza Wendelin, kafanya kazi hapa tangu enzi za baba yako! Sasa niambie, nani atatuoshea matumbo?"

"Mama, nyamaza, kuna watu," alisema Gebhard.

Hakusema "si kweli". Zenzi alingoja aseme. Meza nzima ilingoja. Gebhard alichukua taulo, akajipangusa mikono, akaja kumwinamia kwa ile sauti yake ya upole.

"Usijali. Ni mazoea tu ya kiwandani, yataondoka. Baada ya harusi Mama atakuonyesha. Ndoo mbili tatu kwa wiki, si kitu kwako."

Kumbe! Kumbe siku ile nje ya kanisa, mwanamume alipokuwa akiminya kidole kimoja kimoja, alikuwa sokoni ananunua. Zenzi alitaka kutapika kama wiki ile ya kwanza ukumbini, na safari hii hakukuwa na utumbo mbele yake. Alikuwapo Gebhard tu, na shingo yake, na pumzi yake ya vitunguu. Kinyaa kilimpanda kutoka miguuni. Alikuwa ameogea siki kwa ajili ya huyu. Alikuwa tayari kumeza soseji kwa ajili ya huyu. Lo!

Akasimama, akavua ile aproni ambayo hata hakukumbuka kuivua kabla ya kuketi, akaiweka mezani katikati ya kabichi.

"Unakwenda wapi?" Gebhard alimfuata mpaka uani. "Zenzi! Usinitie aibu mbele ya watu."

"Jumatatu naenda kazini."

"Kazini wapi, kwenye ule uozo? Si ulilia kwangu kwamba umechoka?"

"Nimechoka. Na nitaendelea kuchoka."

"Sasa unakataa nini? Kule ni matumbo na hapa ni matumbo!"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini? Sikuelewi. Nani mwingine atakuoa na harufu hiyo? Eh? Nitajie mmoja. Utakufa peke yako, unanuka!"

Majirani walikuwa wamejaa nje ya lango, jagi mikononi, wakingoja kugawiwa mchuzi wa karamu kama ilivyo desturi, na hakuna aliyejifanya hasikii. Zenzi alikuwa amekwisha shika komeo la lango. Aligeuka. Mikono yake bado ilikuwa na damu, na gauni la kanisani limeharibika kifuani.

"Nitanuka, Gebhard," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anayemjibu mtu aliyemuuliza saa. "Lakini kule wananilipa."

Akafungua lango, akaenda zake kwa miguu, na hakuna jirani hata mmoja aliyesogea kumpisha kwa sababu ya harufu. Walisogea kwa sababu alikuwa anapita.